Usukani wa gari la rali: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Usiku mmoja kabla ya rali, hapa Morogoro, tulishusha reki nzima ya stelingi (chuma chenye meno kinachopokea mzunguko wa usukani na kuyasukuma matairi) ya Subaru Impreza kwa sababu dereva alisema usukani unakwama wakati wa kurudi. Tulifunga nyingine saa nane za usiku, tochi mdomoni. Asubuhi akatoka kulijaribu gari, akarudi na sura ileile. Kosa lilikuwa kwenye beringi ya juu ya shokapu ya kushoto, kitu cha ukubwa wa kisahani cha kahawa, kimejaa vumbi jekundu mpaka hakizunguki tena. Wazee walisema mjumbe hauawi; sisi tulikuwa tumemuua mjumbe na barua hatujaisoma.

Usukani hupokea habari kutoka kwenye matairi, shokapu, difu (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa matairi), hata namna dereva alivyokaa kwenye kiti. Kwenye magari ya watu binafsi tunayoyakimbiza huku, Subaru na Lancer Evo zilizokwisha kula chumvi nyingi, reki yenyewe huwa karibu ya mwisho kufa. Kwa hiyo naanzia kwenye maneno ya dereva akishuka garini, maana ndiyo unayopewa pale sevisi, kwenye kituo cha matengenezo, na dakika zako zinahesabiwa.

Muulize, kisha hesabu mizunguko

Neno la kwanza la dereva mwenye hasira ni "stelingi mbovu". Hilo usiliandike. Muulize kama inatokea mikono ikiwa imetulia au ikiwa inazungusha. Upande mmoja au pande zote mbili. Tangu asubuhi au baada ya kugonga kitu. Nevigeta, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, muulize kando. Dereva anakumbuka kila kona aliyoipita vizuri, lakini mawe aliyoyagonga huyasahau upesi sana.

Halafu fanya kipimo ambacho wengi wanakiruka. Inua pua ya gari, bandika utepe wa rangi juu kabisa ya usukani, kata mpaka mwisho kushoto, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia. Gari la kawaida lenye uwiano wa 15 kwa 1, yaani usukani nyuzi (digrii) 15 kwa kila uzi mmoja wa tairi, ambalo tairi lake linakata nyuzi 35 kila upande, litakupa nyuzi 1,050 za usukani, karibu mizunguko mitatu. Reki ya haraka ya 12 kwa 1 itakupa nyuzi 840, yaani mizunguko miwili na theluthi. Andika namba hiyo ukutani gereji. Gawanya kwa mbili na urudi kiasi hicho: hapo ndipo katikati ya reki. Kama utepe haujarudi juu, tayari umepata habari, hata kabla ya kulala chini ya gari.

"Usukani umekaa upande"

Gari linakwenda moja kwa moja lakini usukani umeinama kama kofia ya mlevi. Mara nyingi kuna jiwe katika hadithi hii. Dawa mbaya, ambayo nimeiona ikifanywa na watu wenye sifa, ni kuchomoa usukani na kuurudisha meno mawili pembeni ili ukae wima. Kwa macho umepona. Lakini reki haiko tena katikati: gari litakata zaidi kushoto kuliko kulia, na kwenye kona kali ya upande mfupi dereva atafika mwisho wa usukani huku bado anaihitaji robo nyingine.

Fanya hivi. Weka reki katikati kwa hesabu ya mizunguko, funga usukani ukiwa wima, halafu tazama matairi. Lile linaloangalia pembeni ndilo lenye kesi. Linganisha tairodi yake, ile fimbo inayotoka kwenye reki kwenda kwenye tairi, na ya upande wa pili. Iliyopinda huonekana ukiilalia kwa jicho moja kama unavyotazama ubao. Kabla hujaifungua, legeza nati ya kufungia kisha hesabu ni mara ngapi unaizungusha ile endi, kichwa cha tairodi, mpaka itoke. Kumi na saba? Mpya iingie kumi na saba. Haitakuwa sahihi kabisa, lakini itamfikisha dereva mwisho wa hatua bila kula tairi. Sisi tunabeba tairodi mbili zilizokwisha kufungwa endi zake na kupimwa gereji, zimeandikwa kwa rangi nyeupe ipi ya kushoto na ipi ya kulia.

Muda ukiruhusu, piga uzi. Stendi nne, nyuzi mbili zinazokwenda sambamba na gari pande zote, na rula ya chuma kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Kwa changarawe mimi napenda matairi ya mbele yanyooke au yaachane nje kidogo sana, milimita moja hivi kila upande, ili pua iitike upesi. Ya nyuma yaelekeane ndani kidogo. Tairi la nyuma likiangalia nje, hakuna dereva atakayelipenda gari hilo, hata asipojua sababu.

Na hapo ndipo mtego mwingine ulipo. Ikiwa matairi ya mbele yamenyooka, reki iko katikati, na bado dereva anashikilia usukani pembeni ili aende mbele, nenda nyuma. Gari linatembea kama kaa. Kono moja la nyuma, lile chuma linaloliunganisha tairi na bodi, limepinda, au fremu ndogo ya nyuma imehama kwenye boliti zake. Simama nyuma mita thelathini likipita kwenye vumbi na utazame alama za matairi: ya nyuma hayafuati ya mbele.

"Una plei"

Yaani usukani umelegea, unacheza kabla tairi halijaitika. Hili ni jepesi, kwa hiyo nalipitia haraka. Pua ikiwa juu, shika tairi kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, tazama tairodi endi. Kama hiyo imetulia, minya mpira wa vumbi wa reki kwa vidole huku mwenzako akiendelea kutikisa. Ukihisi kugonga ndani ya mpira, ni endi ya ndani. Kisha shika juu na chini. Likicheza hapo ni bolijointi (kiungo cha kono na tairi) au beringi ya tairi, na kuzitenganisha mwambie mtu akanyage breki. Plei ikitoweka, ni beringi. Ikibaki, bolijointi.

Kama matairi yote yamekaza na usukani bado unaelea, shusha gari, washa injini, mwenzako auchezeshe usukani kidogo kidogo, wewe tazama chini. Reki nzima ikisogea kwenye mabano yake kabla tairi halijasogea, bushi (mipira inayoishikilia) zimekwisha. Na usisahau usukani wa kuchomoa: meno yake huchakaa, na plei ya hapo inafika mkononi kama plei ya tairodi. Niliwahi kuona watu wakibadilisha endi nne kwa ajili ya kitu kilichokuwa sentimita kumi kutoka kwenye pua ya dereva.

"Mzito"

Kuna uzito wa aina tatu, na dereva hatakutofautishia.

Mzito wakati wote: pima upepo wa matairi ya mbele, kisha belti ya pampu, kisha oili. Ni mambo ya gereji yoyote.

Mzito, mwepesi, mzito, mwepesi, mara mbili katika kila mzunguko mmoja: ni ile jointi ya msalaba kwenye shafti ya usukani. Imeingia tope ikakauka, au aliyeifunga mara ya mwisho hakuzipanga jointi mbili zielekeane inavyotakiwa. Mara mbili kwa mzunguko ndiyo saini yake. Hakuna kitu kingine kwenye mfumo huu chenye tabia hiyo.

Aina ya tatu ndiyo inayowaangusha watu. Usukani ni mwepesi siku nzima, halafu kwenye kona mbili kali zilizofuatana, kulia na papo hapo kushoto, unageuka jiwe kwa nusu sekunde. Pampu inaendeshwa na injini. Dereva amefunga breki, injini imeshuka, na papo hapo mikono inadai oili nyingi kuliko pampu inavyoweza kusukuma. Ukiwa umefunga reki ya haraka, madai hayo yanaongezeka, maana kwa kasi ileile ya mikono reki inasafiri zaidi. Anza kwa kufungua mfuniko wa kopo la oili injini ikiwa bado ya moto. Ukiona povu la rangi ya chai ya maziwa, kuna hewa. Tafuta klipu iliyolegea kwenye mpira unaotoka kopo kwenda kwenye pampu, kwa sababu upande huo hunyonya hewa bila kudondosha hata tone. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechemka. Ongeza koili ya kupoza mbele ya rejeta, na mwambie dereva asiegemeze usukani mwishoni wakati anasubiri kwenye mstari wa kuanzia. Hapo pampu inajisukuma yenyewe, na sekunde chache zinatosha kuikaanga oili.

"Unapiga mkono"

Kwanza vidole gumba. Vikae juu ya ukingo wa usukani, visiingie ndani kukumbatia. Tairi likigonga jiwe upande mmoja, usukani unaweza kuzunguka robo kwa kufumba na kufumbua, na kile chuma cha usukani kinachotoka katikati kwenda ukingoni hakina huruma na gumba.

Baadaye tazama rimu. Mtu amenunua rimu zinazopendeza, zimetoka nje zaidi ya za awali, au ameweka spesa, sahani ya kuisogeza rimu nje, ya sentimita mbili ili gari lipanue kifua. Tairi sasa linasimama mbali na mstari linalougeukia, na kila jiwe linapata mkono mrefu wa kuupindia usukani. Rudisha rimu za kipimo sahihi, na malalamiko mengi yataisha bila kugusa kitu kingine.

"Linatangatanga lenyewe"

Hapa naomba ukae na mimi kidogo, kwa sababu ni ugonjwa wa kwetu hasa. Tangu mwaka 1953, Rali ya Safari ilipoanza kama mashindano yanayokatisha Kenya, Uganda na Tanganyika, watu wa huku wamekuwa wakiinua magari. Hakuna namna nyingine. Gari lililolala halivuki makorongo. Lakini kuliinua kwa springi ndefu peke yake kuna deni lake.

Dalili ni hii: njia imenyooka lakini ina mawimbi, dereva ameshika usukani bila kuusogeza, na gari linaingia kushoto, linarudi kulia, kila linapozama na kupanda. Anasema shokapu. Si shokapu. Kono la chini na tairodi vimeundwa kupanda na kushuka kwa pamoja, kila kimoja kikichora duara lake, na duara hizo zinakubaliana pale gari lilipokusudiwa kukaa. Ukiliinua sentimita nne, umelihamishia mahali ambapo duara hazikubaliani. Tairi likipanda linavutwa ndani, likishuka linasukumwa nje, au kinyume chake. Yaani barabara ndiyo inayokata kona, dereva ni abiria.

Kupima kunataka uvumilivu kuliko pesa. Toa springi, rudisha shokapu tupu, funga usukani katikati kwa kamba ili usitikisike. Simamisha ubao ulionyooka kando ya tairi, inua habu (kitovu kinachofungiwa tairi) kwa jeki sentimita mbili mbili, na kila hatua pima umbali wa ubao kutoka ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Zikipishana kwa milimita moja katika sehemu ambayo gari hufanyia kazi, endelea na maisha yako. Zikipishana kwa milimita tano, umempata mchawi. Tiba ni kuishusha au kuipandisha endi ya tairodi pale inaposhika ile nako, kipande kinachobeba habu, kwa endi ndefu au kwa vipande vya kati, mpaka pembe yake ilingane na ya kono. Wapo wanaoweka bolijointi ndefu ili kurekebisha pembe ya kono, wakaiacha tairodi ilivyo. Hao wameongeza tatizo na risiti wamelipia.

"Haurudi katikati"

Nimeshataja kile kisahani cha kahawa. Kipimo chake ni cha dakika moja: fungua boneti, weka kiganja juu ya springi ya mbele, mwenzako akate usukani taratibu. Beringi nzima huzungusha springi kwa ulaini. Iliyokufa huisokota springi kwanza, halafu unaisikia ikiruka mkononi na sauti ya "tang". Ukishaihisi mara moja hutaisahau.

Kama beringi ni nzima, tazama kama mnyookeo wa shokapu umerudi nyuma kiasi cha kutosha ukilitazama gari kwa ubavu. Mguu wa mbele uliosimama wima mno, kwa mfano baada ya kono kusukumwa na jiwe, haurudishi usukani. Difu ya mbele yenye sahani, ikiwa mpya na imekazwa mno, nayo hung'ang'ania. Hiyo ni tabia, mikono ya dereva itaizoea.

"Pua haiingii"

Kabla ya kugusa gari, omba video ya ndani. Ule utepe juu ya usukani sasa unafanya kazi ya pili. Tazama kona yenyewe: utepe umefika wapi pale gari lilipoanza kunyooka? Nikiona dereva ameshazungusha nusu duara na pua bado inakwenda nje, naye anaongeza, najua hilo halitatatuliwa na spana. Tairi la mbele lina pembe yake ya mwisho. Ukiipita, linakwangua changarawe kama jembe. Anatakiwa apunguze usukani kidogo, aguse breki uzito uje mbele, kisha aombe tena. Breki ya mguu wa kushoto, ambayo Wafini kama Rauno Aaltonen na Timo Mäkinen waliifanya silaha kwenye Mini miaka ya 1960, ipo kwa ajili hiyo.

Mikono nayo. Tunasema ishike saa tatu na robo, na mtu akitazama saa ya ukutani anaelewa papo hapo: mshale mfupi kwenye tisa, mrefu kwenye tatu. Bila kuachia, unaweza kuzungusha karibu nusu duara kila upande. Kwenye uwiano wa 15 kwa 1 hiyo ni nyuzi 12 za tairi. Kwenye 12 kwa 1 ni nyuzi 15. Tofauti hiyo ya nyuzi tatu ndiyo sababu halisi ya kununua reki ya haraka, na kama dereva amekaa mbali mno haipati. Mabega yakiwa yamegusa kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya ukingo wa usukani. Kisipofika, sogeza kiti kwanza, pesa baadaye.

Video ikiwa safi, ndipo uje kwenye difu ya kati. Zungusha gari taratibu, usukani mwishoni, mahali pagumu pakavu. Likishtuka na kujivuta kama limefungwa kamba, difu imefunga. Kwenye Subaru za STi zenye kigurudumu cha kurekebisha difu, huenda kuna mtu alikigusa wakati wa kusafisha gari. Kirudishe upande wa kulegeza na ujaribu tena.

Kisa kimoja cha Evo nakiandika kwa sababu kimenijia zaidi ya mara moja. Evo VII na zilizofuata zina difu ya kati ya umeme ambayo hulegea ukivuta hendibreki, ili nyuma ifunge na gari ligeuke. Mtu anafunga hendibreki ya oili, ile ndefu iliyosimama, anatupa ya zamani pamoja na swichi yake ndogo. Difu haijui tena kwamba hendibreki imevutwa. Kwenye kona kali dereva anavuta, gari linanyooka, injini inazima, na lawama zote zinaangukia usukani. Swichi ya bei ya soda na waya mmoja.

"Mkia una mambo yake"

Usukani ukiwa shwari lakini dereva anafanya kazi ya kurekebisha mfululizo, gusa shokapu za nyuma kwa kiganja, moja baada ya nyingine, mara tu gari linapofika. Iliyo baridi kuliko mwenzake haifanyi kazi. Shokapu hazichagui mtu: mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville aliongoza mpaka Jumapili asubuhi, shokapu ya nyuma ikavunjika, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier.

"Nakata, halikati, halafu linaruka"

Hili hutokea kwenye vumbi laini lenye mitaro, kama lile la Kedong kule Naivasha, na gari halina ubovu wowote. Tairi limo ndani ya mtaro, kuta zinalishika, dereva anakata robo mzunguko na hakuna kitu. Anaongeza. Mtaro unakwisha, tairi linapata ardhi ngumu likiwa limeshapinda, na gari linachupa kuelekea linakoangalia, yaani porini. Kwenye vumbi huoni tairi wala barabara, unachokiona ni utepe tu. Ukiwa mtaroni, urudishe juu, uache mtaro ukuendeshe, na ukate ukishahisi ukingo umelegea chini ya makalio. Utepe ukifunikwa na vumbi, nevigeta aufute.